Kikwembe cha mama: kupata kizuri kwa makuta kidogo

Mwezi huu ukurasa wa familia tumepewa sisi akina mama wa kikundi cha cherehani. Tuliulizana tuandike nini, na hatukukawia kupata jibu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limelala mezani kwetu, limekunjwa.

Kilikuwa kikwembe. Mnajua mila zetu wa Kivu: orodha ya mahari ina mbuzi, wengine ng'ombe, ina koti la baba na kikwembe cha mama. Hapa kambini ng'ombe amegeuka bahasha, mbuzi naye amegeuka bahasha, hata koti la baba siku hizi tunalisikia ndani ya bahasha. Lakini kikwembe cha mama hakijakubali kugeuka bahasha. Mama aliyezaa na kulea anataka kukiona, akifunge kiunoni, watu wamtazame.

Basi familia ya kijana mmoja ilicheza likelemba miezi mitano, wengine mnaita upatu. Wakanunua yadi 6. Muuzaji aliwaambia, "Hii ni Hollandais ya kweli, baba, soma mwenyewe hapa pembeni." Wakasoma, wakalipa bei ya Hollandais. Siku ya kukabidhi, vigelegele. Jumapili ya pili mama akakifua, beseni likawa bluu kama wino, na kilichobaki mkononi kilikuwa kama pazia kuukuu. Alituletea tumshonee walau blauzi ya nyumbani. Hakusema neno baya, na hiyo ndiyo iliyotuuma. Waliosema ni mashangazi: eti binti wetu ameolewa kwa kitambaa cha kupangusia meza. Na ule upande mwingine wanaapa walilipa fedha yote, na ni kweli walilipa. Nyumba mbili hazisalimiani vizuri hadi leo, na bibi arusi yuko katikati.

Ndiyo maana tunaandika.

Kwanza tujue Hollandais ni kitu gani. Jina lenyewe ni la Uholanzi. Karne ya 19 Waholanzi waliiga batiki za kisiwa cha Java, ambazo watu wa huko walikuwa wakizichora kwa nta, wakazitengeneza kwa mashine. Kiwanda cha Vlisco kilianza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, na mpaka sasa ndiyo jina kubwa. Soko lake likawa Afrika, kuanzia magharibi, na akina mama wafanyabiashara ndio waliozipa michoro majina, kama ile ya "Mon mari est capable", yaani mume wangu anaweza. (Hapa kwetu wengi wanaume wanaweza kwa mkopo, lakini tusiingie huko.)

Waksi ya kweli hutengenezwa hivi: pamba hupigwa utomvu mgumu pande zote mbili, kisha huzamishwa kwenye rangi. Pale penye utomvu rangi haiingii. Utomvu ukivunjika-vunjika, rangi hupenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba, kama mishipa ya jani. Halafu rangi nyingine huongezwa juu. Ni kazi ndefu, ndiyo maana ni ghali. Kwa bei tulizokuta sisi, Hollandais moja ya kweli unaweza kununua vitambaa vya kawaida vinne au vitano.

Basi mtu akikuuzia Hollandais kwa nusu ya bei, hajakuonea huruma. Na akikuuzia kwa bei kamili bado usiamini maandishi ya pembeni, kwa kuwa anayeiga mchoro hashindwi kuiga herufi. Ile iliyotuletewa ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa, isipokuwa neno la Kifaransa lililokosa herufi moja. Nani atakuwa na akili ya kuhesabu herufi siku ya mahari?

Sisi tunakitazama kitambaa chenyewe. Geuza upande wa nyuma. Kama nyuma ni hafifu na mbele inang'aa, kimepigwa upande mmoja tu, kitachakaa mapema. Kama pande zote zinafanana, vizuri, lakini usimalize hapo, siku hizi hata vya kuiga vinapigwa pande mbili. Tafuta ile mishipa myembamba. Chagua ua moja, utazame nyufa zake, halafu tafuta ua kama hilo mbele kidogo. Kwenye waksi ya kweli nyufa hazifanani, kwa sababu utomvu haukuvunjika namna moja mara mbili. Kama ufa uleule uko mahali palepale kwenye kila ua, ni picha ya nyufa iliyochapwa. Kipimo hiki ndicho tunachokiamini kuliko vyote, na hakina gharama, unahitaji macho tu na muuzaji mwenye subira.

Halafu kuna wanga. Kitambaa chepesi hutiwa wanga mwingi kiwe kigumu, ukikishika unasema hiki kizito. Sugua sehemu moja kati ya vidole, kwa nguvu, kama unayefua. Kikitoa unga na kulegea, ugumu ule ulikuwa wa kuazima. Kinyanyue juani pia. Ukiona uso wa jirani yako vizuri upande wa pili, kirudishe. Na uje na kitambaa cheupe chenye maji, usugue kwenye pembe. Rangi kidogo kutoka si ajabu kwa kitambaa kipya, lakini kikibadilika chote kuwa bluu, hilo ni beseni la yule mama.

Mwisho omba nyuzi mbili tatu za ukingoni, uzichome, nje, mbali na nyumba, tafadhali, mnajua maturubai yetu yanavyoshika moto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni na ndugu zake huyeyuka, hunuka plastiki na kuacha punje ngumu nyeusi. Hicho cha plastiki rangi haitoki haraka, ni kweli, ila mama atakaa nacho kwenye sherehe mchana kutwa akichuruzika jasho.

Sasa makuta. Maoni yetu, na tunajua wengine watakataa: kama fedha haitoshi Hollandais, usitafute Hollandais. Nunua pamba safi ya daraja la chini yake, na uiite kwa jina lake. Hitarget ya China iliyo ya pamba watu wengi wanaivaa na inadumu ikitunzwa, ingawa nayo inaigwa, kwa hiyo vipimo ni vilevile. Ukibahatika kukuta GTP ya Ghana au Uniwax ya Abidjan, hizo ni za heshima na kwa kawaida bei yake iko chini ya Vlisco. Wazazi wetu waliolewa kwa vitambaa vya SOTEXKI ya Kisangani, na wazee wa Kalemie watakumbuka Filtisaf. Hakuna aliyewaita maskini.

Shida ni kumwambia mkwe. Wanaume wanaogopa. Lakini mjumbe wa familia akitangulia siku chache kabla, akasema, "Mama, tumekuletea pamba nzuri, si Hollandais, tulipo ndipo hapa," mara nyingi mama mwenyewe anakubali. Tumeliona jambo hilo kwa macho yetu mwaka huu kwa familia nyingine, na mama akajibu, "Mimi nitavaa kitambaa, sitavaa jina."

Njia nyingine ni kununua yadi 12 familia mbili pamoja, mkagawana. Ukinunua nyingi bei hupungua, ila mjue mama wawili watavaa sawa, kwa hiyo wasiwe jirani! Au ulizeni wauzaji mapema, kabla ya Desemba, maana mwezi wa harusi bei hupanda. Kuna pia mama wanaouza kikwembe kizuri cha zamani walichokihifadhi sandukuni. Kwa kuvaa mwenyewe ni bahati kubwa, tumenunua hivyo sisi wenyewe. Kwa mahari, hapana, cha mahari kiwe kipya. Na kuuza unga wa posho ili kuongezea, tunaomba sana, tusifike huko, watoto hawali mishipa ya waksi.

Pimeni pia. Yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu, zinatoa vikwembe vitatu: cha kufunga, cha blauzi, na cha kutupia begani au kubebea mtoto. Kuna wauzaji wanaokunja haraka-haraka, ukifika nyumbani unakuta mita 5 tu, na kikwembe cha tatu kimekuwa leso. Kama mama hahitaji cha tatu, ulizeni kama wanakata yadi 4, mtaokoa theluthi moja ya fedha.

Mchoro nao unakula fedha. Ndege wakubwa ni wazuri, lakini fundi hawezi kuwageuza miguu juu, kwa hiyo kitambaa kingi kinapotea kwenye kukata. Maua madogo yasiyo na juu wala chini hayapotezi. Na kabla ya kushona, kiloweke maji baridi na kukianika kivulini, maana pamba hurudi. Wengine hutia chumvi ili kushika rangi. Tumejaribu, hatukuona tofauti.

Yule mama tulimshonea blauzi, tukaweka bitana ndani, inapendeza kidogo. Familia ya kijana imeanza likelemba upya. Wametuomba twende nao sokoni safari hii, na tumekubali. Kamba yetu ya yadi, yenye mafundo, imetundikwa mlangoni pa chumba cha cherehani. Anayeihitaji aje aazime, ila airudishe siku hiyohiyo.