Uchaguzi wa matairi ya magari ya kasi

Uchaguzi wa matairi ya magari ya kasi ni kazi ya kuoanisha mpira, kashata na ukubwa wa tairi na mahali gari litakapoendeshwa. Nguvu za injini, breki na usukani hufika ardhini kupitia eneo dogo la kila tairi, linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono.

Uwanjani na barabarani

Tairi la mbio za lami kavu halina kashata, ili mpira mwingi zaidi uguse ardhi. Mpira wake ni laini na hushika vizuri ukishapata joto, kwa kawaida karibu nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi. Katika safari ya kawaida joto hilo halifikiwi. Mvua ikinyesha, tairi hilo halina mifereji ya kuondoa maji. Gari huelea juu ya maji na usukani hauitiki.

Tairi la barabarani hushika hata likiwa baridi, lakini mizunguko mingi ya uwanjani hulipasha joto kupita kiasi na kulichakaza mapema.

Tairi la mbio lisichanganywe na tairi kipara. Kipara ni tairi lililolika: mpira uliobaki ni mwembamba, hivyo huteleza kwenye maji na hutobolewa kwa urahisi.

Alama za tairi

Katika alama 205/55 R16 91V, 205 ni upana kwa milimita, 55 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana, na 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Namba 91 ni uwezo wa kubeba kilo 615. V ni kasi ya juu ya kilomita 240 kwa saa. Tarakimu nne za tarehe huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarehe hiyo ni muhimu hasa kwa mnunuzi wa matairi ya mtumba, kwa kuwa mpira huzeeka hata kashata zikiwa nzima.

Afrika ya Mashariki

Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, hukimbiwa kwenye vumbi na mawe. Matairi yake huwa na kashata nene na ubavu imara.

Chanika, kata ya Wilaya ya Ilala mkoani Dar es Salaam, gari hupita lami ya kuelekea Pugu na pia njia za mchanga. Tairi la ubavu mfupi hutulia kwenye kona, lakini likiingia shimoni ringi huweza kupinda. Wakati wa masika, kina cha kashata kina uzito kuliko upana wa tairi.