Kompyuta ya nyumbani inavyoweza kusaidia vita dhidi ya malaria bila kumaliza uniti za Luku

Ifakara. Jioni ikikaribia katika Kijiji cha Kivukoni, ng'ambo ya Mto Kilombero upande wa Ulanga, kina mama huanza kuwaita watoto waingie ndani. Mashamba ya mpunga yako jirani, maji yako jirani na mbu nao hawako mbali.

Msimu wa kilimo ukifika hali huwa ngumu zaidi. Familia nyingi za bonde hili huhamia kwenye vibanda vya shambani ili kulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama waharibifu. Huko kuta zina mianya, chakula cha usiku hupikwa nje na chandarua hutundikwa pale kamba inapopata pa kushika.

Kivukoni ni miongoni mwa vijiji ambavyo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamekuwa wakitega mbu ili kujua wanauma saa ngapi, wanauma nani na wangapi wamebeba vimelea. Wenyeji wameshazoea kuona mitego ikitundikwa kwenye nyumba zao.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba takwimu kutoka vijiji vya Bonde la Kilombero ziliwahi kufanyiwa kazi na kompyuta za kawaida za majumbani, sehemu mbalimbali za dunia, zikiwashwa na watu ambao huenda hawajawahi kusikia jina la Namawala au Idete. Hawakuwa madaktari wala watafiti. Walichotoa ni muda ambao kompyuta zao zilikuwa zimekaa bila kazi.

Utaratibu huo bado upo duniani, na kwa familia yenye kompyuta ya mezani au mpakato, ni jambo linalowezekana. Linahitaji tu kufanywa kwa akili, la sivyo bili ya umeme na joto la mashine vitakula faida yote.

Kutoka kidoleni hadi kwenye kompyuta

Uhusiano wa Ifakara na Uswisi katika utafiti ni wa miaka mingi. Mwaka 1957 Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Uswisi, iliyoko mjini Basel na iliyoongozwa na Profesa Rudolf Geigy, ilianzisha maabara ndogo Ifakara. Maabara hiyo ndiyo chimbuko la taasisi ya Kitanzania inayojulikana leo kama Taasisi ya Afya Ifakara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vipimo vya mbu katika Kijiji cha Namawala vilionyesha kuwa mtu mmoja anaweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Yaani karibu kila usiku.

Katika Kijiji cha Idete, watoto 586 wenye umri wa kati ya mwaka mmoja na mitano walishiriki majaribio ya chanjo iliyoitwa SPf66. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya kiasi cha asilimia 31. Majaribio yaliyofuata katika nchi nyingine hayakuleta matumaini, na chanjo hiyo ikawekwa kando.

Mwaka 1997 ulianza mradi wa kusambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Tathmini yake iliyotolewa mwaka 2001 ilihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne.

Kila hatua kati ya hizo ilichukua miaka, fedha na uvumilivu wa wazazi waliokubali watoto wao watobolewe vidole. Na kila jibu lilizaa swali jingine. Chanjo inayokinga nusunusu ikitolewa pamoja na vyandarua, itaokoa watoto wangapi? Ikimkinga mtoto akiwa mdogo, je, kinga yake ya asili itachelewa na ataugua zaidi akikua? Inafaa kutolewa wapi kwanza, kwenye mbu wengi au wachache?

Maswali hayo hayawezi kujibiwa yote kwa kuwafanyia watu majaribio. Hakuna wilaya za kutosha, na hakuna mzazi wa kuambiwa asubiri miaka 20.

Kwa nini kompyuta moja haikutosha

Watafiti wa Basel walitengeneza programu inayounda kijiji cha kufikirika ndani ya kompyuta. Ndani yake kuna maelfu ya watu, kila mmoja na umri wake, maambukizi yake na kinga yake. Programu huwafuatilia kwa vipindi vya siku tano tano kwa miaka mingi. Nani kaumwa, nani kaugua, nani katibiwa, nani kapona.

Ili kijiji hicho kifanane na ukweli, kililazimika kulinganishwa na takwimu za vijiji halisi. Miongoni mwa vijiji vilivyotumika ni Namawala na Idete, pamoja na maeneo ya Garki nchini Nigeria na Navrongo nchini Ghana.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa nzito. Kila dhana ilipaswa kujaribiwa mara nyingi mno kwa hali tofauti, na kompyuta moja ingechukua umri wa binadamu na zaidi.

Suluhisho likawa kugawa kazi. Katika majaribio ya mwaka 2005, watu zaidi ya 500 walijitolea kompyuta zao, na katika miezi michache zikafanya hesabu ambazo kompyuta moja ingezifanya kwa miaka 150. Julai 2006 mradi huo, ulioitwa malariacontrol.net, ulifunguliwa rasmi kwa umma chini ya mpango wa Africa@home, uliowaunganisha watafiti hao na kituo cha utafiti wa nyuklia cha CERN cha Geneva pamoja na wadau wengine.

Programu iliyotumika kugawa kazi inaitwa BOINC. Ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Mtu huiweka kwenye kompyuta yake, huchagua mradi, kisha programu hupokea kipande cha kazi kwa intaneti, hukifanya kimya kimya na kurudisha jibu.

Mradi wa malaria ulifungwa mwaka 2016 baada ya takriban miaka 10. Programu ya kijiji cha kufikirika, OpenMalaria, iko wazi kwa mtafiti yeyote. Miradi mingine ya afya imeendelea kutumia BOINC, ikiwamo World Community Grid, ambayo sasa inasimamiwa kutoka Toronto, Canada, na Rosetta@home ya Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Kabla ya kujiunga, angalia kwanza kama mradi unaoutaka una kazi za kugawa kwa wakati huo.

Kori nne, majaruba manne

Kompyuta nyingi zinazouzwa siku hizi zina prosesa yenye kori zaidi ya moja. Kori ni sehemu inayofanya hesabu, na kila moja inaweza kushika kazi yake bila kusubiri nyenzake.

Mkulima wa Kilombero ataelewa haraka. Ukiwa na wavunaji wanne na majaruba manne, kila mmoja huingia kwenye jaruba lake. Hawagongani na kazi inaisha mapema. BOINC hufanya hivyohivyo. Kompyuta yenye kori nne hupokea vipande vinne, kila kori na chake.

Lakini wavunaji wote hupeleka mpunga kwenye turubai moja. Turubai likiwa dogo, wanaanza kusubiriana. Turubai la kompyuta ni kumbukumbu ya muda, yaani RAM.

Chukua mfano wa kompyuta yenye kori nne na RAM ya gigabaiti nne. Mfumo wenyewe wa kompyuta unaweza kutumia karibu mbili. Ikiwa kila kipande cha kazi kinahitaji gigabaiti moja, vipande vinne havitoshei. Kompyuta itaanza kuhifadhi ziada kwenye diski, ambayo ni ya polepole sana, na kila kitu kitakwama. Hapo vipande viwili vitamalizika haraka kuliko vinne.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni idadi ya kori. Baadhi ya prosesa zenye kori nne hujionyesha kama zina nane. Hizo nne za ziada si kori kamili. Ni sawa na mpishi mmoja anayeangalia sufuria mbili. Anaokoa muda kidogo, lakini hajawa wapishi wawili. Usitarajie kazi mara mbili.

Namna ya kupanga

Programu hii ina sehemu ya mipangilio, na hapo ndipo mtumiaji anapoamua kompyuta ifanye kazi kiasi gani. Haya ni ya kuzingatia.

Usitoe kori zote. Kwenye kompyuta ya kori nne, anza na mbili au tatu. Iliyobaki itatosha kwa mtoto anayefanya kazi ya shule au baba anayeandika barua pepe.

Punguza kori, si muda. Mipangilio ina njia mbili za kupunguza mzigo. Moja ni kupunguza idadi ya kori, nyingine ni kuifanya prosesa iwashe na kuzima kazi kila baada ya sekunde chache. Hii ya pili hufanya joto lipande na kushuka na feni ipige kelele kwa vipindi. Kwa kawaida ya kwanza ni bora.

Weka kikomo cha RAM. Unaweza kuruhusu kiasi kidogo mtu anapotumia kompyuta na kikubwa zaidi ikiwa imeachwa.

Iache ihifadhi kazi. Umeme ukikatika, kazi nyingi huendelea kutoka pale zilipohifadhiwa mara ya mwisho. Ukiruhusu pia kazi iliyosimamishwa ibaki kwenye RAM, haitalazimika kurudi nyuma kila mtu anapogusa kompyuta.

Angalia joto. Vumbi likijaa kwenye feni, prosesa hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue, kwa hiyo umeme unatumika na kazi haiendi. Safisha feni. Kompyuta mpakato isiwekwe juu ya godoro wala kitambaa, na isifanye kazi hizi ikiwa inatumia betri.

Hesabu ya Luku

Hapa familia inapaswa kukaa chini na kuhesabu. Tuseme kompyuta ya mezani inaongeza matumizi ya wati 60 inapofanya kazi kwa nguvu. Ikiachwa usiku na mchana kwa siku 30, itatumia uniti 43 za ziada. Ikifanya kazi saa nane kwa siku, itatumia uniti 14 na kidogo.

Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo si ndogo. Uniti 43 ni zaidi ya nusu ya kiasi chote, na ukivuka kikomo unaweza kuhamishiwa kwenye bei ya juu. Mchango wa saa chache, kwa ratiba iliyowekwa kwenye programu, ni mchango halali kabisa.

Saa nazo zina umuhimu. Usiku nyumba huwa na nafasi, lakini mashine inayotoa joto na mlio wa feni haifai chumba wanacholala watoto. Kwa anayetumia bando la simu, vizuri kupanga programu ipokee na kutuma kazi mara moja kwa siku.

Usalama nao ni wa kuangaliwa. Pakua programu kutoka kwenye tovuti yake rasmi pekee, kwa kuwa zipo programu za ulaghai zinazotumia kompyuta za watu kuchimba sarafu za mtandaoni. Usiiweke kwenye kompyuta ya ofisi au ya shule bila ruhusa, kwani umeme na mashine ni mali ya mwingine.

Na kama fedha za mwezi zinatosha jambo moja tu, chandarua kizima kinatangulia. Homa ya mtoto nayo inapimwa zahanati, siku hiyohiyo.

Matunda ya hesabu zile yamekuwa sehemu ya mjadala mrefu wa chanjo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza RTS,S, chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto, baada ya majaribio yaliyohusisha nchi saba za Afrika, ikiwamo Tanzania kupitia Bagamoyo na Korogwe. Miaka miwili baadaye ikafuata R21. Zote mbili hazikingi kwa asilimia 100, hivyo swali la kuzichanganya na vyandarua na dawa ni lilelile lililoulizwa baada ya Idete.

Kaya za Bonde la Kilombero zilishatoa sehemu yao. Zilifungua milango usiku ili mitego itundikwe, na zikanyoosha vidole vya watoto wao. Bila takwimu hizo, kompyuta zote zile za ughaibuni zisingekuwa na cha kuhesabu. Anayetaka leo kuongeza kori mbili za kompyuta ya sebuleni kwa saa nane anaungana na kazi ambayo kaya hizo ziliianza zamani.