Nani Mgeni Kilosa? Kura ya Kijiji na Mafundisho ya Kanisa juu ya Wahamiaji



Tarehe 27 Novemba 2024 tulipiga kura kuwachagua viongozi wa vijiji, mitaa na vitongoji. Uandikishaji ulikamilika tarehe 20 Oktoba, na kampeni zilianza tarehe 20 Novemba kwa muda wa siku saba. Hata hivyo, kampeni isiyo rasmi ilikuwa imekwisha kuanza magengeni, vilabuni na, nasikitika kusema, hata chini ya miti ya makanisa yetu baada ya Misa. Neno lililosikika kuliko zahanati na kuliko barabara lilikuwa "wageni". Anayetaka kura za haraka huahidi kwamba akichaguliwa, wageni wataondoka.

Siku za karibuni, katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo niliyoitembelea, mama mmoja mjane aliniuliza swali. Mwezi Juni ng'ombe waliingia usiku katika shamba lake la ekari mbili, mahindi yakiwa yamekauka yakisubiri kuvunwa. Asubuhi alikuta mabua yaliyolala. "Baba," akasema, "ile Injili ya kumkaribisha mgeni, inawahusu na ng'ombe wake?" Watu walicheka. Yeye hakucheka. Makala hii ni jibu langu kwake, refu kuliko lile nililompa siku ile.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, kwa maana tunalitumia kwa watu watatu walio tofauti kabisa.

Yupo mtu asiye raia, aliyeingia nchini bila kibali. Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu inayopita Mikumi kuelekea Iringa na Mbeya tunawafahamu vijana wa Ethiopia wanaosafirishwa kwa siri kwenda kusini. Mwezi Juni 2012, katika wilaya jirani ya Kongwa, zaidi ya arobaini kati yao walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Hawa huitwa "wahamiaji haramu". Ningependa sisi Wakatoliki tulitumie neno hilo kwa uangalifu: safari yaweza kuwa kinyume cha sheria, lakini binadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hawi haramu. Hata hivyo, kuamua nani ni raia na nani si raia ni kazi ya mamlaka za nchi kwa mujibu wa Sheria ya Uraia na Sheria ya Uhamiaji. Si kazi ya mgombea wa kitongoji, wala ya kundi la vijana wenye marungu.

Wa pili ni Mtanzania aliyehama kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine: Mmasai, Msukuma, Mbarabaig, mwenye mifugo au asiye nayo. Huyu si mhamiaji kwa maana ya sheria. Ibara ya 17 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano, na Ibara ya 13 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya kabila lake au mahali alikotoka. Anayeahidi kumwondoa mtu huyu kwa sababu ya kabila lake anaahidi jambo ambalo Katiba hairuhusu.

Wa tatu ni mtu anayelisha mifugo yake katika shamba la mwenzake, au anayelima katikati ya njia ya mifugo kwa makusudi. Huyu ametenda kosa, na kosa halina kabila. Yule mama hakuumizwa na kabila fulani; aliumizwa na mtu mwenye jina, na mtu huyo anadaiwa fidia. Tukimchanganya wa tatu na wa pili tunatenda dhulumu mara mbili: tunawaadhibu wengi wasio na hatia, na mkosaji halisi anajificha nyuma yao.

Tena, Kilosa ni mahali pagumu mno pa kutafutia wenyeji. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda walikuwapo kabla ya reli. Kisha ikaja Reli ya Kati mwanzoni mwa karne ya 20, yakaja mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, wakaja manamba, watu walioajiriwa kwa mkataba na kuhesabiwa kwa namba kama magunia. Walitoka nyanda za juu kusini, Songea, wengine Msumbiji. Wengi hawakurudi makwao. Baadaye miwa ikawaleta wengine upande wa Ruhembe na Kidodi. Wafugaji wa Kiparakuyo nao wana makaburi ya babu zao hapa. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na mji wenyewe umekuzwa na wasafiri wa barabara kuu. Nikitazama waamini waliojaa kanisani siku ya Dominika, sioni wengi ambao mababu zao wanne wote walizaliwa ndani ya wilaya hii. Wajukuu wa manamba leo wanawaita wengine wageni, na wanasema hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Ardhi nayo haikuongezeka. Mabonde ya mito yanafaa kwa mpunga na mahindi, na ni hayo hayo mifugo inayoyahitaji wakati wa kiangazi. Mgogoro wa mipaka ya kijiji cha wafugaji cha Mabwegere ulifika hadi Mahakama ya Rufani. Na lipo jambo ambalo wazee hulitaja kwa sauti ya chini. Tarehe 8 Desemba 2000, Sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano kati ya wafugaji na wakulima. Vijana waliopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2024 walikuwa hawajazaliwa. Wanaowahubiria chuki juu ya wageni walikuwa watu wazima siku ile, na wanakumbuka. Nchi jirani ya Rwanda iliwahi kuwasikia viongozi wakisema kwamba jirani ni mgeni, arudishwe alikotoka. Maneno yalitangulia, mapanga yakafuata mwaka 1994.

Sasa nije kwenye kura yenyewe. Huko Marekani magavana wa majimbo huchaguliwa na wananchi, na suala la wahamiaji huchukua nafasi kubwa katika kampeni zao, ingawa sheria ya uhamiaji iko mikononi mwa serikali kuu. Kwetu mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Lakini kiongozi tuliyemchagua tarehe 27, mdogo kwa cheo, anahusika na ugawaji wa ardhi kwa karibu kuliko tunavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji. Nayo hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji.

Basi tujiulize: kundi la ng'ombe mia tatu huingiaje kijijini bila mtu kuliona? Aghalabu limekaribishwa. Mtu alimwonyesha mfugaji eneo, mtu aligonga mhuri, na mtu alipokea chochote. Mkutano mkuu haukuitwa, au uliitwa tukaenda shambani. Miaka mitatu baadaye yule yule aliyepokea anasimama mbele yetu akiahidi kuwaondoa wageni. Huu ni usaliti wa pande mbili: amewauza wakulima, na amemuuzia mfugaji ardhi isiyokuwa yake. Rushwa ya namna hii ni dhambi dhidi ya amri ya saba, na anayeungama dhambi ya wizi anapaswa kurudisha alichokitwaa.

Kanisa linafundisha nini? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inayataka mataifa yenye uwezo kumpokea, kadiri yawezavyo, mgeni anayetafuta usalama na riziki. Papo hapo inatambua kwamba mamlaka zaweza kuweka masharti kwa ajili ya manufaa ya wote, na kwamba mhamiaji anawajibika kuheshimu urithi wa nchi iliyompokea, kutii sheria zake na kubeba mizigo pamoja na wengine. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mtu wa taifa lingine, sembuse kwa raia mwenzetu! Papa Francisko, katika Waraka wake "Fratelli tutti" wa mwaka 2020, alihimiza kuwapokea wahamiaji, kuwalinda, kuwaendeleza na kuwahusisha katika maisha ya jamii. Hicho kitendo cha nne ndicho tunachokisahau. Tunampokea mfugaji mnadani, tunanunua maziwa yake, lakini hatumwiti kwenye mkutano unaopanga matumizi ya ardhi.

Someni sura ya 26 ya Kitabu cha Mwanzo. Isaka, mfugaji na mgeni katika nchi ya Gerari, anachimba kisima, wachungaji wa huko wanamgombea maji. Anachimba cha pili, wanamgombea tena. Cha tatu hawakigombei. Lakini habari haiishii kwenye kuhama: mfalme Abimeleki anamfuata, wanakula pamoja, na asubuhi wanaapiana kutodhuriana. Palikuwa na mgeni aliyevumilia, na palikuwa na kiongozi aliyetembea kwenda kumtafuta.

Kanisa halina mgombea, nami sitamtaja wa chama chochote. Lakini mwamini anaweza kumwuliza mgombea: Je, mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji chetu upo, na utabandikwa wapi? Mkutano mkuu utaitishwa lini? Mazao yakiliwa, nani atafanya tathmini, na fidia italipwa mbele ya nani? Njia ya mifugo na maji yake viko wapi? Asiyeweza kujibu haya, akabaki na neno "wageni" peke yake, amekwisha kujieleza.

Nilimtafuta mwenye ng'ombe. Naye ni Mkristo, ingawa si Mkatoliki. Hakukana. Alisema alikwishatoa fedha kijijini mwezi ule ule, akidhani zimemfikia mama. Hakupewa stakabadhi. Mama hakupata hata shilingi, naye anaamini mfugaji amemdharau. Wote wawili walijiandikisha katika kitongoji kimoja, na foleni yao ya tarehe 27 ilikuwa moja.