Je, Wajua? Skype Ilivyokuwa Kabati la Nyaraka

Skype, programu iliyozinduliwa Agosti 2003 na Niklas Zennström wa Uswidi na Janus Friis wa Denmark kwa msimbo ulioandikwa na wataalamu wa Estonia, hukumbukwa zaidi kwa simu za intaneti, lakini ilitumika pia kutuma na kutunza nyaraka. Hapo awali faili ilisafiri kutoka kompyuta ya mtumaji hadi ya mpokeaji bila kuhifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine, hivyo pande zote mbili zililazimika kuwa hewani kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi mazungumzo yaliandikwa katika hifadhidata, yaani taarifa zilizopangwa kwa majedwali, iliyoitwa main.db na kukaa ndani ya diski ya mtumiaji mwenyewe. Aliyeinakili alikuwa na daftari zima la maandishi yake, na huo, kwa kweli, ulikuwa utunzaji wa kumbukumbu ulio bora kuliko wengi walivyodhani.

Microsoft, iliyoinunua Skype mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, baadaye ilihamishia kazi hiyo kwenye seva zake, na faili ikaweza kumsubiri mpokeaji aliyezima kompyuta, ingawa ilipakulika kwa siku 30 tu ilhali maandishi yalibaki. Huduma ilipofungwa tarehe 5 Mei 2025, watumiaji walitakiwa kuhamia Teams, programu nyingine ya mawasiliano ya Microsoft, au kupakua kumbukumbu zao.