Vipimo vya Mteja Asiyeonekana

Fundi cherehani wa Kariakoo akipewa kazi ya kumshonea mteja aliyeko Mwanza, hana budi kufuata vipimo alivyotumiwa. Akijisahau akapitisha futi kwenye mabega yake mwenyewe, suti itampendeza yeye na kumbana mwenye suti. Kosa la namna hiyo ndilo wanaloliwinda wahakiki wa Buildroot.

Buildroot ni mfumo wa kujengea Linux ndogo ya kuweka ndani ya vifaa ambavyo watu wengi hawavihesabu kuwa kompyuta: ruta, mita, mashine za viwandani. Ulianzishwa mwaka 2001 na watengenezaji wa uClibc, maktaba ndogo ya lugha ya C, na mwaka 2009 Peter Korsgaard akawa msimamizi wake. Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi mitatu. Kompyuta ya mezani yenye nguvu ndiyo inayofanya kazi ya ujenzi, lakini programu inayozaliwa itaishi kwenye prosesa ya aina nyingine kabisa, pengine ARM, pengine MIPS au RISC-V. Mwenye cherehani yuko huku, mvaaji yuko kule.

Vifurushi vyake vimezidi 2,500. Kifurushi chenyewe hakibebi programu. Hubeba maelekezo tu: ichukuliwe wapi, ijengwe vipi, inahitaji nini ili isimame. Mtu yeyote anaweza kuchangia kimoja, na hapo ndipo uhakiki unapoanza.

Tuchukue mfano wa kubuni: mchangiaji ameleta maktaba ya kusoma vipimajoto, tuiite libjoto. Ameandika mafaili matatu mafupi: la menyu, la ujenzi na la hashi. Yote pamoja hayajazi hata ukurasa mmoja wa daftari, na bado yanaweza kurudishwa mara nne.

Safari ya kwanza hurudi kwa mambo madogo mno. Maelezo ya menyu yalitakiwa yaanze kwa tabo moja na nafasi mbili. Jina la kifurushi limewekwa nje ya mpangilio wa alfabeti. Mgeni huudhika, na si ajabu. Lakini mradi una programu yake, check-package, inayonasa kasoro nyingi za aina hiyo kwa sekunde chache, na mchangiaji aliyeruka hatua hiyo amemtwika mhakiki kazi ya mashine.

Maswali mazito huja baadaye. Buildroot humwachia mtumiaji achague maktaba ya C kati ya glibc, musl na uClibc-ng. Programu iliyojaribiwa kwa glibc peke yake inaweza kugoma kwa musl, eti kwa sababu mwandishi wake alisahau kutaja faili moja ambalo glibc ilikuwa ikimletea kimyakimya. Tena zipo prosesa zisizo na kitengo cha kusimamia kumbukumbu, na huko wito wa fork, unaoifanya programu ijizalie pacha, haufanyi kazi. Kama libjoto inautumia, sharti hilo liandikwe kwenye faili la menyu, asije mtu akakichagua kifurushi kisichoweza kujengeka.

Mtego mbaya kuliko yote ni ule unaofanya kazi vizuri. Tuseme libjoto ikijengwa huchungulia kama OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ipo: ikiikuta inaitumia, isipoikuta inaendelea bila hiyo. Ukarimu huo ni balaa. Leo OpenSSL imejengwa kabla yake, kesho baada yake, na mipangilio ileile inazaa vifaa viwili tofauti. Mhakiki atadai iandikwe wazi: ikichaguliwa iwashwe, isipochaguliwa izimwe. Vivyo hivyo kwa programu inayokwenda kuchungulia folda ya /usr/include ya kompyuta inayojenga, yaani fundi anayejipima mwenyewe. Kwa hili kompaila ya Buildroot imewekewa mlinzi: akiona njia hiyo, kazi inasimama.

Faili la hashi hubeba tarakimu 64 zinazotokana na faili lililopakuliwa. Ikibadilika herufi moja tu, tarakimu hazilingani tena. Lakini hashi huthibitisha kuwa faili ni lilelile, haithibitishi kuwa ni jema. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili. Sehemu ya hila hiyo ilikuwa kwenye furushi la kupakua, haikuwa kwenye hazina ya msimbo ambayo watu huikagua. Hashi ya furushi hilo ingelingana barabara.

Leseni nayo hupewa hashi yake. Wengine huona huo ni ukarani mtupu, ila Machi hiyohiyo ya 2024 hifadhidata ya Redis ilitangaza kuacha leseni yake huria ya BSD. Anayeuza kifaa chenye programu ndani yake anahitaji kujua siku maandishi hayo yanapobadilika, na hashi isiyolingana humshtua.

Mwisho mhakiki hutazama viraka. Kiraka kinachoirekebisha libjoto lazima kieleze kimepelekwa wapi kwa waandishi wa asili, la sivyo Buildroot itakibeba mgongoni kila toleo. Sahihi ya mchangiaji ikiwepo, kifurushi kinaingia, na jina lake linaandikwa kwenye faili la DEVELOPERS.

Kuanzia hapo mashine za mradi, zinazojenga usiku na mchana kwa mipangilio ya kubahatisha, zinaye wa kumwandikia. Asubuhi moja barua inamfikia: libjoto imeshindwa kujengeka kwa m68k, prosesa ambayo hajawahi hata kuiona.