Utangulizi: Elimu ya Kukata

Kitabu hiki kimeandikiwa fundi wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda ambaye kukata anakujua tayari. Huyu hupiga chaki kwenye kitambaa cha sare, hupanga tabaka kadhaa, kisha hupitisha mkasi mara moja. Katika kazi hiyo mashine ya kukatia ya kielektroniki haimfikii. Yenyewe hukata tabaka moja tu, na mkeka wake wa kunata, kwa mashine nyingi za mezani, una upana wa sentimita 30 hivi, ilhali kitenge huzidi mita moja. Anayeinunua ili amalize sare upesi atajuta.

Faida yake imo katika vitu vidogo vinavyorudiwarudiwa: nembo ya shule kwenye mfuko wa shati, majina ya wachezaji mgongoni mwa jezi, maua ya kitambaa yanayoshonewa juu ya shuka, kadi za harusi zenye matundu ya nakshi. Mkono huchoka, na ua la arobaini halifanani tena na la kwanza. Kwa mashine yanafanana yote.

Swali la kwanza la mnunuzi basi ni hili: unakata nini? Kisu cha kawaida cha mashine hizi huburuta ncha yake. Karatasi huivumilia, pamba huvutika nyuzi, mpaka kwanza uibandike kitambaa cha gamu kwa pasi. Ndiyo sababu mashine ya Cricut Maker, iliyotoka mwaka 2017, ilipokelewa kwa furaha na washonaji: ina kisu cha gurudumu kinachobingirika na kukandamiza, hivyo pamba hukatwa bila gamu. Lakini gurudumu hilo haliwezi kona za herufi ndogo. Anayetengeneza nembo arudi kwenye ncha na gamu.

Hapa Kagera tuna mfano mzuri wa kujifunzia tofauti ya vitambaa, nao ni nguo ya gome la mti, ambayo Wahaya waliivaa kabla ya pamba kuenea, na ambayo ufundi wake nchini Uganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Haifumwi, hupondwa kwa nyundo ya mti, kwa hiyo ukingo wake haufumuki kama wa kitenge. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini ni hivyo, ameelewa nusu ya somo la vitambaa.

Swali la pili ni programu. Programu ya Cricut hutaka akaunti, na kazi zake nyingi hutegemea intaneti. Silhouette Studio, programu ya mashine za Silhouette, ikishawekwa kwenye kompyuta hukata bila mtandao. Brother ScanNCut ina skana ndani yake: unachora kwa kalamu, inasoma mchoro, inakata, kompyuta haihitajiki. Kwa karakana ya Kyerwa ambako mtandao unasuasua, mimi ningeanza na hii ya mwisho, hata kama nguvu ya kisu chake si kubwa kuliko zote. Michoro ya pembe kali, kama ile ya sanaa ya imigongo ng'ambo ya Mto Kagera huko Kirehe, Rwanda, huisoma vizuri.

Kabla ya kulipa, peleka kitambaa chako mwenyewe dukani kijaribiwe, maana karatasi ya muuzaji hukatika daima. Uliza pia bei ya visu na mikeka, na kama vinapatikana Bukoba au Mwanza. Gundi ya mkeka huisha, na vumbi la barabarani huimaliza mapema. Nunua na betri ya akiba ya kuendeshea mashine. Umeme ukikatika katikati ya nembo, mashine husahau ilipofika na kitambaa hicho hutupwa.

Sura ya kwanza inaanza na makali ya visu.