KUONJA MAJANI YA CHAI KABLA YA KUNUNUA

Katika kukagua maduka ya vyama vya msingi hapa Babati nimekuta mara kwa mara kosa moja lenye hasara: majani ya chai hununuliwa kwa kutazama bei peke yake. Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilinunua gunia zima kwa kuwa lilikuwa rahisi. Wanachama walionunua mara moja hawakurudi tena, na fedha zao zikalala ghalani miezi mingi. Nilipouliza ni nani aliyeionja chai ile kabla ya kulipia, kamati nzima ilinyamaza.

Chai hailimwi kwetu. Hutujia kutoka Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara. Kiwandani majani mabichi hunyaushwa, hukatwakatwa kwa mashine, huachwa yachachuke kwa hewa, kisha hukaushwa hadi unyevu ubakie kama asilimia 3. Mwisho huchekechwa katika madaraja. Wengi hudharau daraja la vumbi, lakini vumbi safi hutoa rangi upesi na lafaa sana kwa chai ya maziwa. Ubaya umo katika nyuzinyuzi za vikonyo, na katika chai iliyozeeka au iliyoingia unyevu.

Kipimo cha kimataifa cha waonjaji ni gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, kwa dakika 6. Dukani hatuna mizani ya maabara, lakini hilo lisitushinde. Pima gramu 50, uzigawe nusu kwa nusu mara nne. Utapata mafungu 16, kila moja gramu 3 na ziada kidogo, yatoshayo kikombe cha mililita 150. Onja chai mbili au tatu kwa pamoja, kwa vikombe vya namna moja na maji ya birika moja. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa karibu na nyuzi 95. Kwa hiyo yamiminwe yangali yakitokota.

Chuja, kisha unuse majani yaliyobaki. Yakiwa na rangi ya shaba na harufu safi, ni dalili njema; yakiwa meusi na kunuka ukungu, usiendelee. Vuta chai kwa kijiko, kwa kishindo, ienee kinywani, kisha iteme. (Wazee wetu wangetukaripia kwa kunywa hivyo, lakini ndivyo wafanyavyo waonjaji.) Chai nzuri huuchangamsha ulimi, iliyozeeka huwa bapa kama maji ya karatasi. Hatimaye tia maziwa: njema hugeuka rangi ya dhahabu iliyokoza, dhaifu huwa ya kijivujivu.

Tia pia chembe chache katika maji baridi. Chai halisi hutoa rangi polepole. Rangi ikitapakaa papo hapo, shuku kwamba imetiwa rangi.

Sasa tuifikirie bei. Chukulia chai ya pili ni rahisi kwa robo, lakini yahitaji kijiko kimoja na nusu badala ya kimoja ili kupata ukali ule ule. Kwa kila kikombe mwanachama atalipa thumni zaidi ya yule aliyenunua chai ya kwanza. Hesabu hii katibu aifanye mbele ya kamati, vikombe vikiwa mezani.

Hata chai bora huharibika ghalani, kwa sababu huvuta kila harufu. Nimewahi kuikuta imewekwa kando ya magunia ya mbaazi yaliyonyunyiziwa dawa, na kwingineko kando ya sabuni na mafuta ya taa. Iwekwe katika debe lenye kifuniko kinachobana, juu ya ubao, mbali na ukuta. Sampuli iliyoonjwa ihifadhiwe katika chupa yenye tarehe, ili mzigo utakapofika ulinganishwe nayo kabla mwenye gari hajatiwa sahihi.